Sura ya Tisa: Juu ya Jiwe la Mtandao

Mapenzi ya siri hayawezekani katika kitongoji cha Mlangano. Si kwamba watu wa huko ni wambea kuliko watu wa mjini, ingawa Yustina muuza ndizi angeweza kushindana na redio na redio ikaomba maji. Tatizo ni kwamba mtandao wa simu unapatikana sehemu moja tu, juu ya jiwe. Jiwe lenyewe ni pana kama uwanja wa nyumba, limekaa ukingoni mwa mlima huko juu ya Kinole. Ukisimama upande wa mashariki unapata vijiti viwili vya mtandao, ukichuchumaa kinabaki kimoja. Anayetafuta soko la ndizi, anayeuguliwa, anayependa, wote wanapigia simu pale pale, bega kwa bega.

Kwa hiyo Mlangano nzima ilijua siku Mwanvita alipoambiwa "nakupenda" kwa mara ya kwanza, maana alijibu kwa sauti ya juu, "Rudia, inakatakata!"

Na Mlangano nzima ilijua pia siku alipomkatia simu Stambuli, wiki tatu zilizopita, akashuka jiweni analia bila kumuaga mtu.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ukungu ndio kwanza unajitoa kwenye migomba, Mwanvita alikuwa amekaa juu ya jiwe hilo akimsubiri mjomba wake. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari kwenye vyuo viwili. Kimoja kilikuwa Mwanza, mbali, safari ya basi ya kuvimba miguu. Cha pili kilikuwa Chuo cha Tiba Bondwa, pale pale Morogoro mjini, ambako mtu anaweza kutoka asubuhi akarudi kula mchana kwa mama yake. Aliyepata viwili lazima athibitishe kimoja, kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu. Dirisha la kuthibitisha lilikuwa linafungwa leo. Ukichelewa, nafasi yako anapewa mwingine, na wewe unarudi kuchuma pilipili manga mpaka mwakani.

Kwa nini asithibitishe Bondwa akapumzika? Kwa sababu Bondwa yenyewe ilikuwa mgonjwa.

Kwenye kundi la simu la waombaji, watu mia nne na zaidi walikuwa hawalali. "Jamani, ni kweli ithibati imeisha?" "Mwenye uhakika aseme, baba yangu hanielewi." "Kaka yangu yuko mwaka wa tatu hapo, anasema wanatafutiwa vyuo vya kuhamia." "Achaneni na maneno, hao ni wenye wivu." Na chuo kila mara kilijibu jibu moja, likiwa na picha ya ua jekundu mwishoni: *Suala la ithibati lipo kwenye mchakato. Karibuni Bondwa.*

Stambuli, kijana wa Mafiga mwenye macho ya kucheka kabla ya mdomo, alikuwa karani wa udahili hapo hapo Bondwa. Wiki tatu zilizopita Mwanvita alimpigia akamwambia kwa furaha, "Nimeamua. Naja Bondwa. Tutakuwa mji mmoja." Stambuli alinyamaza mpaka Mwanvita akadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Usije hapa. Nenda Mwanza."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema kwenye simu. Nenda tu."

Sasa niambie, msichana gani aliambiwa "nenda tu" na mwanaume wake akafikiria ithibati? Mwanvita alichofikiria ni mwanamke mwingine, tena akamuona kabisa, mweupe, ana kibarua benki. Akaifungia namba ya Stambuli isiweze kumpigia.

"We Mwanvita!" Yustina aliita kutoka ukingoni, ameshika simu sikioni na mkungu kiunoni. "Kuna kitu kinapanda huku bondeni. Ama ni ngiri, ama ni mchumba wako."

Hakuwa ngiri.

Stambuli alitokeza kwenye migomba na shati lake la ofisini, tope mpaka magotini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, soli imebanduka inaning'inia kama ulimi. Akasimama, akavuta pumzi, akasalimia jiwe zima.

"Asalaam alaikum."

"Waalaikum salaam," jiwe zima likaitika, na Yustina Mkristo wetu ndiye aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha watu wapatao kumi wakashusha simu zao taratibu, kama mtu anayezima redio ili asikie ya jirani.

Mwanvita aliinuka. Alitaka kumtazama kwa hasira, lakini macho yakaanzia kwenye ile soli, yakapanda kwenye magoti, na yalipofika usoni yalikuwa yameshalainika. Akayaondoa haraka.

"Umefuata nini?"

"Nimekupigia mara arobaini."

"Nimekufungia."

"Nimeona. Ndiyo maana nimekuja na miguu. Hii hujaifungia."

Kuna mtu alicheka. Mwanvita hakucheka.

"Ungemtuma huyo wako wa mjini aje kwa niaba."

"Wangu yupi?"

"Huyo uliyetaka kunisafirisha Mwanza kwa ajili yake."

"Jibu hilo, kaka," Yustina akaingilia. "Hilo hata mimi lilinikosesha usingizi."

"Sina mtu mjini!" Stambuli alikunja uso kama aliyemwagiwa maji. "Mwanvita, utanigombeza baadaye, nitakaa chini nisikilize yote. Sasa hivi muda hatuna. Alhamisi niliona orodha ya waliothibitisha Bondwa. Jina lako limo."

"Langu?"

"Mwanvita binti Mohamedi, wa Kinole. Hakuna mwingine."

"Mimi sijathibitisha popote! Hiyo namba ya siri yenyewe sijaiona kwa macho."

"Imethibitishwa Jumanne, saa tano asubuhi."

Hapo Mwanvita akakumbuka. Alipokuwa anajaza maombi hakuandika namba yake. Simu yake ya wakati ule ilikuwa inawaka ikitaka. Aliandika ya mjomba Yusuph, kaka yake mama. Na hata angekuwa na simu nzuri angeandika hiyo hiyo, kwa sababu kwa Waluguru mambo makubwa ya mtoto hupita kwa mjomba. Tangu Jumatatu alikuwa anamuomba mjomba hiyo simu, na mjomba anasema mara haina chaji, mara ameiacha shamba. Jumanne ilikuwa siku ya gulio Kinole, na mjomba alikwenda nayo.

Kama vile kaitwa, mjomba Yusuph akajitokeza kwenye njia, simu mkononi, macho chini, anatembea kama mtu ambaye mbuzi wake amelala kwenye mahindi ya jirani.

"Shikamoo, mjomba," Stambuli akawahi.

"Marahaba. Lakini sikukuita."

Huyu ndiye aliyekwisha kusema, mbele ya ukoo, kwamba hamtoi Mwanvita kwa kijana ambaye kazi yake ni kuandika majina ya watu wengine.

"Mjomba," Mwanvita alisema polepole, "namba ilikuja?"

"Ilikuja."

"Iko wapi?"

Mjomba alikohoa. Alitazama migomba, akatazama mawingu, akakosa pa kujificha.

"Nimeshaitumia."

"Mjomba!"

"Ngoja nikueleze, usinipigie kelele mbele za watu. Alikuja pale gulioni bwana mmoja wa shati jeupe, kaweka meza, anasema ametoka Bondwa anasaidia wazazi. Akaniuliza, mzee, una mtoto? Nikamwambia ninaye, tena anakuwa daktari. Akasema nisomee namba, mtoto asikose nafasi. Nikamsomea. Akanipa na kalamu." Akaitoa mfukoni kalamu yenyewe, ya bluu, kama ushahidi wa kosa.

"Ulijua nilikuwa sijaamua."

"Nilijua." Sauti ya mjomba ikashuka. "Ndiyo maana nilifanya haraka. Mwanvita, baba yako yuko Mikese, namheshimu. Lakini wewe ukianguka huko Mwanza, ukoo utamuuliza nani? Mimi. Nikasema, mtoto abaki hapa hapa mjini. Kila Ijumaa namshushia ndizi. Nilikuwa nimeshachagua mkungu wa kwanza, ule wa pale kisimani. Nimeuwekea nguzo usianguke."

Mwanvita alikuwa amefungua mdomo kwa maneno makali, maneno yakakwama. Utamgombeza vipi mtu aliyeuwekea nguzo mkungu wako?

Stambuli akasogea, akaongea kwa adabu, mikono mbele.

"Mjomba, naomba nikwambie lile ambalo lile shati jeupe halikukwambia. Chuo kinaruhusiwa kufundisha udaktari kwa kibali, ndiyo hiyo ithibati. Wakaguzi walikuja Bondwa wakakuta walimu hawatoshi, na hospitali ya wanafunzi kujifunzia haina hata vitanda vya kutosha. Ithibati imekwisha na haijahuishwa. Wamezuiwa kupokea mwaka wa kwanza mpaka warekebishe. Itakuwa lini, hakuna anayejua. Mtoto akithibitisha pale, anaweza kukaa mwaka mzima nyumbani anasubiri. Na akisoma kwenye chuo kisicho na ithibati, siku ya kuomba leseni ya udaktari anaambiwa hatukutambui."

"Hawamtambui vipi na amesoma?"

"Ni kama ndoa isiyopita kwa walii wala kwa shehe," Yustina akadakia. "Mnakaa miaka kumi, watoto wanne, siku ya mirathi mwanamke anaambiwa wewe ulikuwa mgeni tu."

Jiwe zima likaguna. Hilo walilielewa.

Mjomba akaitazama ile kalamu, akairudisha mfukoni kama inayochoma. "Na yule bwana alijua haya?"

"Alijua, mjomba. Sote tulijua."

"Hata wewe?"

Hapo Stambuli akainamisha kichwa.

"Hata mimi. Nilimwambia Mwanvita peke yake, tena nusu nusu kwa kuogopa kazi. Waombaji wengine niliwajibu nilivyofundishwa, kwamba lipo kwenye mchakato. Wanapiga simu, binti analia kabisa, namwambia mchakato. Mpaka Alhamisi. Alikuja mzee mmoja ametoka Songea na mwanawe, wamesafiri na begi lao. Kundi la waombaji limejaa getini, wanataka kujua. Huyo mzee hakuniuliza habari za ithibati. Aliniuliza, 'Mwanangu, huyu angekuwa mdogo wako, ungemleta hapa?'"

Akakigeuza kile kiatu mkononi.

"Ukamwambia nini?" Mwanvita akauliza, sauti yake ndogo.

"Nikamwambia, hapana mzee, nisingemleta. Geti zima likasikia. Ndipo nikarudi ndani kuangalia orodha, nimuwahi yeyote niliyeweza kumuwahi, nikakuta jina lako. Sikuwahi hata kunyanyua simu. Saa tisa nilikuwa nje na barua yangu ya kuachishwa, na jana nimeshinda nakupigia."

Mwanvita alimtazama. Sasa alimtazama vizuri, bila kuiba. Aliona macho yale ya kucheka yamezama, hayajalala siku mbili. Akamkumbuka yule mwanamke mweupe wa benki aliyemtengeneza mwenyewe kichwani, akamlisha, akamvisha, akamchukia kwa wiki tatu, na kumbe hakuwahi kuzaliwa. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Siku ile kwenye simu," alisema, "ulinyamaza sana."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia njoo." Stambuli alicheka kidogo, cheko la maumivu. "Wallahi, Mwanvita. Mara tatu nilifungua mdomo niseme njoo. Mji mmoja na wewe! Nani angekataa? Halafu nikakuona umevaa koti jeupe, unaambiwa hutambuliki. Nikasema nenda. Neno lile lilinitoka kama jino."

"Lilikuwa na ganzi?" Yustina akanong'ona.

"Halikuwa na ganzi, dada."

Mwanvita akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Inaweza kutenguliwa?"

"Inaweza, kabla dirisha halijafungwa. Mimi siwezi kuifanya bila wewe; kuthibitisha kunataka namba tu, lakini kutengua kunataka neno la siri la akaunti, nalo unalo mwenyewe. Tunaingia, tunatengua Bondwa, halafu tunaomba namba mpya ya Mwanza. Lakini itakuja kwenye simu ya mjomba."

Wote wakamgeukia mjomba Yusuph. Aliibana simu yake kifuani.

"Na nikikataa?"

Mwanvita akaenda akapiga magoti mbele yake, pale pale juu ya jiwe.

"Ukikataa nitabaki. Wewe ndiye mjomba. Nitakwenda Bondwa, na ndizi zako kila Ijumaa nitakula. Ila siku wakikuleta kwangu unaumwa, mjomba wangu, sitaruhusiwa kukugusa. Nitakuambia subiri, bado nipo kwenye mchakato."

Mjomba akamuinua kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akampa simu.

"Isome mwenyewe hiyo namba ikija. Mimi kusoma kwangu kumeshaleta hasara ya kutosha."

Kazi ikaanza. Stambuli alikuwa na simu janja, bando lipo, ila mtandao wa Mlangano mnaujua. Kile kiduara kikawa kinazunguka, kinazunguka, kinachoka, kinazunguka tena. Dakika kumi. Ishirini. Ukurasa unafunguka nusu, unakufa. Mwanvita ameshika mkono wa shati la Stambuli bila kujijua, na Stambuli anajua sana lakini hasemi.

"Tuko wengi," Stambuli alisema, jasho linamtoka. "Simu zote hizi zinagombea huo huo mtandao."

Ndipo Yustina alipofanya jambo ambalo Mwanvita hatalisahau. Alikuwa hewani na mnunuzi wa Dar, mtu aliyemtafuta juma zima. Akasema, "Baba, nitakupigia. Huku kuna mtoto anakwenda kuwa daktari." Akaizima. Kisha akawageukia wengine, mkono kiunoni. "Na nyie mnangoja nini? Zimeni!"

Mmoja akazima. Akazima wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa anaongea na mwanawe aliyeko Mazimbu akasema, "Tuombee heri, nakata." Kimya kikatanda juu ya jiwe, kimya ambacho Mlangano haikuwahi kukisikia tangu simu zije mlimani. Watu kumi wamekaa na simu zilizozimwa mapajani, wanaangalia simu moja kama wanasubiri mwezi uandame.

Ukurasa ukafunguka.

"Tengua," Stambuli akasema.

Mwanvita akabonyeza. Bondwa ikatoka. Wakaomba Mwanza. Wakangoja. Simu ya mjomba ikalia mara moja, na watu wote, bila kuambiwa, wakageuza nyuso kuangalia bondeni, maana namba ilikuwa ya siri na wao ni watu wastaarabu.

"Sisi hatuoni," Yustina alisema, mgongo kwao. "Maliza upesi, shingo inaniuma."

Mwanvita akaandika tarakimu moja moja. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka mara mbili, kikasimama. *Umefanikiwa kuthibitisha.*

Hakupiga kelele. Alikaa chini akalia, na vigelegele vikapigwa na wengine kwa niaba yake. Alipopata sauti aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina, akamshika mkono Yustina na kuubusu, Yustina akamsukuma, "Nenda huko, utaniliza na mimi nina wateja."

Mjomba Yusuph alimsogelea Stambuli. Wakasimama, mmoja na kalamu mfukoni, mwingine na kiatu mkononi.

"Kazi sasa huna."

"Sina, mjomba. Rafiki yangu ana duka la vifaa vya kuandikia, Mafiga, nitaanza hapo Jumatatu. Na wale waombaji wa getini wamenitafuta, niwasaidie kutengua. Wamefika sitini."

"Shamba je?"

"Sina."

"Na leo umekuja kuniomba mtoto?"

"Hapana, mjomba. Leo nilikuja kumuondoa."

Mjomba akaguna, na mguno ule ulikuwa na kicheko ndani yake kilichokosa mlango.

"Vizuri, maana kwetu mwanaume haji na mdomo wake mwenyewe. Anamtuma mjomba wake. Wako yupo?"

"Yupo. Anaitwa Abuu, yuko Mazimbu."

"Basi mwambie mtu huyo njia ya huku inateleza." Akaanza kushuka, kisha akageuka. "Na avae buti."

Yustina alipiga kigelegele kimoja kirefu.

Mchana, baada ya mama yake Mwanvita kumlisha Stambuli ndizi za nazi mpaka akaomba msamaha, Mwanvita alimsindikiza hadi njia inapokatia mtoni. Walitembea bila haraka. Alikuwa na majuma matatu tu kabla ya kusafiri, na kila hatua aliihesabu.

"Miaka mitano," Stambuli alisema.

"Mitano, na mmoja wa mafunzo hospitali."

"Utanisubiri?"

"Mimi ndiye ninayeondoka. Wewe ndiye wa kusubiri."

"Kweli." Akafikiri. "Basi nitasubiri. Nikizidiwa, nitakufuata kwa hii hii miguu."

Mwanvita alicheka, kicheko kikamgeuka njiani kikawa kitu kingine, akasimama. Akashika mkono wa Stambuli kwa mikono yake yote miwili, mbele ya mto na mbele ya yeyote aliyekuwa anachungulia kutoka juu.

"Umepoteza kazi. Umepanda mlima na kiatu kimoja. Na ulijua kabisa nikishuka huku naenda mbali na wewe." Machozi yalimshuka akayaacha. "Sijui nikushukuru kwa lipi. Asante kwa kunifukuza, Stambuli."

Stambuli alimtazama, yale macho yakarudi kucheka, yamelowa.

"Karibu," alisema. "Ila sirudii tena."